Neno Nililolikosa Siku ya Soko

Harufu ya pareto iliyoanikwa iliingia darasani kutoka mashamba ya jirani, kali na kavu, ikatupigisha chafya hata mwalimu akiwa na fimbo mkononi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, huko Magwagwa, nami nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu, kijana aliyetoka chuoni na mambo mapya kichwani, alituanzishia mchezo wa soko kila Ijumaa alasiri. Vifuniko vya soda vilikuwa pesa, mchanga ulikuwa sukari, magunzi yalikuwa sabuni. Kila mtoto alianza na vifuniko sawa na mwenzake, kisha mwalimu alitangaza habari: leo sabuni imejaa tele, leo mvua imekata barabara ya Keumbu. Hapo bei zilipanda au kushuka, nasi tukapiga kelele kama mama zetu. Mshindi wa muhula angepelekwa mjini Kisii wakati wa likizo, ajifunze kazi katika duka la nguo la Mhindi mmoja. Wenzangu waliona ni mzaha. Mimi nilikuwa nimeambiwa na Baba kwamba nikimaliza la saba basi, na duka lile ndilo lililokuwa tumaini langu pekee.

Wazo lilinijia tukipalilia wimbi kwa mama yake Kemunto, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikuwa katika egesangio, yaani leo tunalima kwenu, kesho kwetu, na hakuna anayeachwa. Mbona tusifanye hivyo sokoni? Mawingu yalikuwa yamezagaa, na nilimjua mwalimu: mvua ya kweli ikinyesha, naye huikata barabara yake, na sukari hupanda bei. Basi sisi wasichana wa dawati la nyuma tukaunganisha vifuniko vyetu, tukanunua mchanga wote. Walikubali ushindi uwe wangu, kwa kuwa nilibuni mimi. Kemunto alipewa kazi ya kushika mali kwa sababu gauni lake lilikuwa na mifuko mikubwa. Hatukuwaza zaidi ya hapo.

Ijumaa ya mwisho barabara ilikatika kweli. Sukari yetu iligombaniwa, na mifuko ya Kemunto ikafura hadi akawa anatembea upande. Mwalimu akamwita mbele.

"Vyote hivi ni vya nani?"

"Ni vyangu, Mwalimu," alijibu, bila hata kugeuka.

Nilisimama. "Hapana, Mwalimu! Ni vya... ni vya egesangio!"

Darasa zima likacheka. Lugha ya nyumbani ilikuwa marufuku shuleni, na aliyeponyokwa nayo alivikwa kibao shingoni. "Sema kwa Kiswahili," mwalimu aliniambia. Nikalitafuta neno, sikulipata. Nikavikwa kibao, na wale wenzetu wakainamisha vichwa wasije wakavikwa nao. Kemunto alilijua neno lile kama alivyolijua jembe la mama yake. Alikuwa ameshika mifuko yake kwa mikono miwili. Likizo ilipofika alienda mjini, mimi nikaenda kuchuma pareto. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe haijaniisha.

Sasa nina duka langu Keumbu, nililolianzisha peke yangu kwa miaka mingi ya kujinyima. Neno nimelipata, tena mengi: ushirika, ubia, chama. Akina mama huja kunialika kwenye vyama vyao, nami huwapa soda na udhuru. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni huko Nyanchwa akiwa amechangamka. Wanafundishwa biashara kwa mchezo wa kompyuta, naye na wenzake wana kampuni ya kuuza maparachichi ambayo inaongoza. Nilimuuliza jambo moja tu: nani anashika neno la siri la kuifungua hiyo kampuni kwenye kompyuta?

"Sisi sote, magokoro," alisema, akishangaa bibi yake anauliza nini.

Nilimwambia kesho akajaribu kuifungua mwenyewe, wenzake wasipokuwepo, aone kama itafunguka.