Majibu ya Siri ya Mama Conso

Kama ungetaka kujua nani wa mtaa wetu wa Kasenga alimpenda nani kabla ya kuoa, mtu wa kumuuliza alikuwa Consolate, yaani Mama Conso, na asingekuambia. Huo mdomo uliofungwa ndio uliomweka kazini. Mashine yake ya fotokopi ilikuwa inachora mstari mweusi katikati ya kila karatasi tangu siku aliyoinunua, na kuandika aliandika kwa vidole viwili, tena vya mkono mmoja. Lakini watu walipita sekretaria mbili, yaani vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, zenye mashine nzuri ili wafike kwake.

Walimfuata kwa sababu ya maneno ya siri. Mtu wa Uvira anafunguliwa barua pepe Jumatatu kwa ajili ya kuomba kazi, na Alhamisi anarudi na uso wa mtu aliyefiwa: amesahau neno la siri. Zamani Mama Conso aliyaandika yote kwenye daftari. Mwaka ule mto ulipoingia ndani ya nyumba za watu bila kubisha hodi, daftari lilielea mpaka ziwani, na tangu hapo labda samaki wa Tanganyika wanasoma barua pepe zetu. Baadaye shemeji yake wa Bujumbura akamwekea kwenye simu programu ya kutunza maneno ya siri, inaitwa Kofre. Yeye alikumbuka neno moja tu la kuifungua, na Kofre ikakumbuka mengine yote.

Kila mteja alikuwa na ukurasa wake ndani ya Kofre: jina, anwani, neno la siri, na chini kabisa nafasi ya maelezo. Mambo matamu yalikuwa huko chini. Mitandao hupenda kuuliza maswali ya ziada ili ijue kama wewe ni wewe, na Mama Conso aliyaandika majibu huko. Aliandika pia tarehe za kuzaliwa ambazo watu walitoa, ambazo si lazima ziwe zile walizozaliwa. Mwalimu Vainqueur, kwa mfano, alizaliwa mara tatu, na kila mara alikuwa kijana zaidi.

Siku moja Kofre ikatuma ujumbe: kuanzia mwezi unaofuata, kila mtumiaji aweke kadi ya benki. Mama Conso hana kadi ya benki, na benki zenyewe anazisalimia kwa mbali. Akatafuta mlango wa kutokea. Akakuta kitufe cha kuhamisha data, akabonyeza, likatoka faili moja. Akahesabu mistari: mia mbili na kumi na nne, sawasawa na wateja wake. Akajaribu watatu, wote wakafunguka. Ndipo akaenda kuifuta akaunti yake ya Kofre. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena. Consolate hapendi kuulizwa jambo mara mbili, hata na mume wake. Akabonyeza kwa nguvu, na Kofre ikaisha.

Wiki haikupita, Pasta Ushindi akaingia na mke wake, Mama Eliane. Pasta alikuwa amejaribu kufungua barua pepe yake mwenyewe nyumbani, akakosea mpaka mtandao ukamtilia shaka. Sasa ulikuwa unadai jibu la swali la siri.

"Mama Conso, iko kwako ile jibu," alisema Pasta huku akikaa. "Minye sikumbuki hata swali."

Mama Conso akafungua faili lake, akausoma mstari wa Pasta kutoka mwanzo hadi mwisho. Jina lilikuwepo, anwani ilikuwepo, neno la siri lilikuwepo. Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Akashuka kwa mteja mwingine, kisha mwingine, akafika wa mwisho. Maelezo hayakuhama hata ya mtu mmoja.

"Pasta, urudi baada ya siku tatu," alisema. "Mashine iko na shida."

Jioni hiyo aliwaandikia wenye Kofre. Wakamjibu baada ya siku mbili kwa Kifaransa kilichopigwa pasi: walimshukuru kwa imani yake, wakaeleza kwamba faili la aina aliyochagua halibebi maelezo, na kwamba kulikuwa na aina nyingine, kamili, chini ya ukurasa. Akaunti iliyofutwa hairudi, na hilo ni kwa ajili ya usalama wake.

"Usalama wangu na nani?" alimuuliza mume wake, Firmin, ambaye hana hata simu ya kubofya. Firmin alimshauri awaambie wateja ukweli. Ushauri huo ulimuudhi kwa sababu ulikuwa sahihi.

Basi Pasta aliporudi, akiwa na mke wake vilevile, Mama Conso alimweleza yote. Kisha akawasomea swali lililokuwa kwenye kioo cha kompyuta: jina la mpenzi wako wa kwanza.

Pasta akakohoa. "Andika Eliane."

Eliane ni mtoto wao wa kwanza, na mama yake ameitwa kwa jina hilo miaka mingi kiasi kwamba hata mumewe alishasahau lake lenyewe.

"Eliane ni binti yako," alisema mke wake. "Minye ninaitwa Mapendo. Sema sasa."

Wakaandika Mapendo. Mtandao ukakataa. Pasta akaomba kipande cha karatasi, akaandika kitu, akakikunja mara nne na kumpa Mama Conso. Mama Eliane akakichukua njiani, akakikunjua taratibu.

"Bernadette," alisoma. "Bernadette gani? Ule wa kule Makobola, wa meno kubwa?"

"Nilikuwa na miaka kumi na moja," alisema Pasta. "Alikuwa ananipa muhogo ya kuchoma."

Barua pepe ikafunguka. Mama Eliane akavuta kiti karibu na kompyuta. "Mama Conso, minye pia unifungulie yangu. Na swali uweke hii hii. Weye Pasta, ngoja pale nje."

Akangoja nje, juani, na Biblia yake.

Tangu hapo Mama Conso alipita nyumba kwa nyumba, akiomba tena siri ambazo watu walishampa mara moja. Wengine walicheka. Mwalimu Vainqueur aliomba muda wa kutafakari alizaliwa lini. Mama mmoja wa soko la Kalundu alimwambia usoni kwamba mtu anayepoteza vitu vya watu asijiite sekretari. Usiku hakulala vizuri. Wako waliokuwa wamehamia mbali, na mmoja alikuwa amekufa.

Aliyekufa alikuwa Niyonzima, dereva wa pikipiki wa Luvungi, aliyeaga dunia kwa malaria mwaka mmoja nyuma. Mke wake, Candide, aliteremka Uvira asubuhi moja na nguo zake za Jumapili. Misa ya kutimiza mwaka tangu afe ilikuwa inakaribia, na hakuwa na picha hata moja ya mumewe. Simu ya marehemu iliibiwa wakati wa matanga. Lakini Niyonzima alipenda kujitumia picha kwenye barua pepe, na barua pepe hiyo aliifungulia kwa Mama Conso.

Neno la siri lilikubali. Halafu, kwa kuwa akaunti ilikuwa imelala mwaka mzima, likaja swali: nyumbani unamwita mpenzi wako jina gani? Nafasi zilikuwa nne, na baada ya hapo akaunti ingefungwa moja kwa moja.

Mama Conso alimweleza Candide kosa lake, bila kujipunguzia.

"Sasa, aliandika nini?" aliuliza Candide.

"Nilijua. Sikumbuki tena. Unisamehe, dada."

"Andika Chérie," alisema Candide. Ikakataa. "Aliniitaka pia Mama Ciza, kwa jina ya mtoto yetu." Ikakataa. Candide akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini jina moja la Kirundi ambalo Mama Conso mpaka leo hakubali kulitaja. Ikakataa hilo nalo.

Ikabaki moja. Mama Conso akaondoa mkono kwenye kompyuta kabisa, kana kwamba ilikuwa ya moto. "Candide, usifikirie majina ya mapendo," alisema. "Ule bwana alikuwa muntu wa namna gani? Akiingia nyumbani na njaa, akukute hujapika, alisema nini?"

Candide akacheka kwa pua, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Alisemaka, Kichwa Ngumu, leo tena?"

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata mbele ya padri."

Mama Conso akaandika herufi moja moja, akamwonyesha Candide kabla ya kubonyeza. Candide akaitikia. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukafunguka.

Picha zilikuwa zaidi ya mia tatu. Nyingi zilikuwa za pikipiki: pikipiki imeoshwa, pikipiki ina matope, pikipiki kando ya pikipiki nyingine. Niyonzima mwenyewe alionekana kwenye picha saba, na katika nne kati ya hizo alikuwa amefumba macho. Zilizobaki, kwa mshangao wa wote wawili, zilikuwa za Candide: akipepeta mchele, akigombana na mbuzi, amelala mdomo wazi chini ya neti.

"Huyu mwanaume," alisema Candide. "Alinipiga picha hii saa ngapi?"

Akachagua moja ambayo Niyonzima ana macho wazi na koti aliloazimwa na padri mmoja. Mama Conso akaichapisha kwa mashine yake ileile ya fotokopi. Ikatoka na mstari mweusi katikati, toka paji la uso hadi tumboni. Akachapisha ya pili na ya tatu, zikatoka vilevile, akaanza kuomba msamaha upya.

"Wacha," alisema Candide, akaikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo. "Hii nyingine pia unitolee. Ile ninalala."