Mjomba Alipoacha Kututukana

Mjomba alikuwa akikata miiba ya ua kule Kanyangi panga likamponyoka, likampasua paja. Alitutukana sote, hata mimi nesi niliyemfunga kidonda kwa leso. Tukiwa tunangoja gari, akanyamaza. Akaomba maji, kisha blanketi, na jua lilikuwa la saa saba. Wamama wa kanisa waliokuwa wakiimba na kumwombea wakasema ametulia, Bwana asifiwe. Mjomba hajawahi kutulia tangu nimjue. Nilimshika mkono: ulikuwa baridi, umelowa jasho, na mapigo yalikuwa hafifu, yanakimbia. Damu ilikuwa inamwishia. Niliwafokea waache kuimba, wamwinue miguu. Jioni hospitalini, painti ya pili ya damu ilipoisha, alifungua macho akaniita mjinga. Hapo ndipo niliposema amina.