Neno la Mama: "Tukirudi Kwetu"

Enzi zetu pale Kitale, kila mtu mzima alikuwa na neno lake, na ole wako akusikie ukimwiga. Wenzangu mliokulia Kenya kisha mkarudi hapa Juba, mtanielewa. Mwenye ploti tuliyopanga hakuanza jambo bila "kwa ufupi", halafu anakusimamisha juani mpaka uji unaungua jikoni. Mama Nekesa, jirani wa mlango wa pili, akisema "mimi sisemi kitu", vuta kigoda, maana atasema yote. Na mwalimu wetu wa hesabu kila akijaza ubao aliuliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima tunaitikia, "Pamojaaa!" Haki ya Mungu, hatukuwa pamoja hata siku moja.

Mama yangu, yeye neno lake lilikuwa "tukirudi kwetu". Omba sweta mpya: tukirudi kwetu. Uliza mbona leo tena ni sukuma wiki: tukirudi kwetu mtakula samaki wa mto mpaka mseme basi. Kwetu kwenyewe ni Juba, mji ambao mimi nilizaliwa humo wakati wa vita, nikabebwa mgongoni tukiukimbia, sikumbuki hata jiwe lake. Lakini kwa mdomo wa Mama niliujua kuliko njia ya kwenda shule.

Kaka yangu Lado ndiye aliyemwiga vizuri zaidi. Anajifunga leso ya Mama, anashika kiuno, ananigeukia mimi na uso uliokunjwa: "Keji! Acha kulia! Tukirudi kwetu utaoga maziwa!" Tunacheka mpaka tunaanguka. Siku moja Mama alimfuma pale mlangoni, akachukua mwiko, akamkimbiza kuzunguka ploti nzima. Aliporudi alikuwa anacheka kutushinda, hata akashindwa kumchapa.

Sasa niwaambie juu ya viatu. Mama alitununulia sote viatu vyeusi vya ngozi, vya siku ya kurudi, maana hakutaka watu wa kwetu watuone na malapa. Vilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kila Krismasi anavitoa, tunajaribu, anabonyeza kwa kidole gumba aone vidole vimefika wapi. Vikibana, vinashuka kwa mdogo, na mkubwa ananunuliwa vingine. Miaka yote hiyo viatu vilikuwa vinashuka tu, na havijakanyaga hata vumbi! Shule tulienda na malapa yetu, kanisani malapa, na Lado akisema viatu vyetu vimesoma kuliko sisi kwa vile vinavyotunzwa.

Lado hakurudi. Homa ya mapafu ilimchukua akiwa kidato cha tatu, sisi tukiwa tumeshaanza kufunga mizigo. Mama alifungua sanduku, akatoa viatu vyake, akamvisha mwenyewe, akafunga kamba polepole. Tukamzika kule Kitale. Tangu siku hiyo sikumsikia Mama akisema tena neno lake, hata ndani ya basi lililotuleta. Nililitamani lile neno, jamani. Niliwahi kumchokoza kwa makusudi ili aliseme, akageuka akaendelea kuchambua mboga.

Leo tunaishi mtaa wa Hai Cinema, hapa hapa Juba, na wanangu nao wana maneno yao ya Kiarabu cha hapa. Wakivunja sahani, "malesh!", yaani pole. Wakisahau kuchota maji, "malesh!" Enzi zetu pole ilikuja na magoti chini, hawa wanairusha huku macho yao yapo kwenye simu. Ukiwatuma sokoni Konyo Konyo wanakujibu "bukra", na hiyo kesho yao haifiki. Nawagombeza, lakini moyoni nafurahi kuwa nyumba ina kelele. Sisi maneno ya wakubwa yalitufundisha kungoja. Hawa hawangoji kitu. Wao wamezaliwa wakiwa tayari kwao. Nawaonea wivu kidogo, nisiseme uongo.

Kinachonisumbua ni Mama. Bado anaomba nimpeleke Kitale, na safari imekuwa ngumu kwa miguu yake, kila mwaka namwambia mwaka huu hapana. Sijui kama atamfikia Lado tena, na yeye naona ameanza kujua hivyo.

Juzi mwanamke wa Uganda anayetukaangia chapati alikuja kukaa naye kibarazani. Akamuuliza, "Mama, wewe iko na watoto ngapi?"

"Wanne," Mama akasema. "Watatu wako hapa Juba. Mmoja yuko Kitale."

Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikasogea karibu nisikie.

"Huyo ya Kitale, anafanya kazi gani huko?"

Mama akajifuta mikono kwa leso, akatazama barabarani.

"Yuko tu," akasema. "Ni mimi nimekawia kwenda kumwona."