Skafu ya Vráťa kwenye opera ya Vienna

Hebu pata picha ya Bohumila akishuka kwenye basi mjini Vienna, asubuhi ya Januari yenye baridi ya kung'ata masikio. Tena mpe mkono, maana mwenyewe hawezi kukunja viwiko. Amevaa sweta juu ya sweta na koti juu ya yote, ili begi libaki na nafasi ya chakula. Nyuma yake anashuka wifi yake Zdena, analalamika. Alianza kulalamika tangu mpakani, na mpakani penyewe siku hizi hapana hata askari wa kumsikiliza.

"Wifi, matako yamekufa ganzi."

"Yaamshe. Tuna mji wa kutembea."

Begini mlikuwa na nyama ya kukaanga. Sisi watu wa Třebíč, mji wetu kule Ucheki, hatuvuki hata daraja bila hiyo nyama: ya nguruwe, imepondwa ikawa nyembamba, ikavikwa chenga za mkate, ikakaangwa usiku wa kuamkia safari mpaka jirani wote wajue nani anaondoka. Ukimwambia Bohumila kwamba Vienna wanaipika nyama hiyohiyo kila kona na kujidai ni yao, atakuambia, "Yao ni ya ndama, na inaletwa na mtu aliyevaa tai. Nitakulaje huku mtu wa tai ananitazama?"

Sasa, kilichompeleka. Marehemu mumewe, Vráťa, alikuwa mchochea tanuri la kupashia joto shule yetu, mtu wa masizi mpaka kwenye nyusi, na alipenda opera kuliko supu. Jumamosi redio yao ilikamata Vienna, kwa mikwaruzo, na wao wawili walikaa jikoni kusikiliza. Kulikuwa na opera moja iliyorudi kila baada ya miaka michache. Binti wa kinu cha unga anatakwa na wanaume wawili, mwanajeshi na mwoka mikate. Vráťa alisema mwisho atamchukua mwanajeshi. Bohumila alisema atawatimua wote wawili. Lakini sehemu ya mwisho ikianza, Vráťa alikuwa ameshalala, mdomo wazi, na walikuwa wamekubaliana: wanasikia wote au hasikii mtu. Bohumila alizima redio.

Usiniulize kwa nini hawakumuuliza mtu yeyote mwisho wake. Ugomvi ule ulikuwa mtamu. Ukiwakuta wamenuniana kwa jambo jingine, mmoja alitupa neno "mwanajeshi" mezani, na nyumba ikachangamka. Vráťa alikuwa akimwambia, "Msimu wa baridi ujao nakupeleka Vienna, tukasimame kule kwenye tiketi za kusimama, za watu wa hali yetu, uone mwenyewe ulivyokosea." Misimu ikapita, akafa yeye. Mwaka huu Bohumila akasikia opera ile inaonyeshwa Jumapili mchana, na kwamba basi la Januari ni rahisi kwa kuwa hakuna mwenye akili anayesafiri Januari. Akamchukua Zdena, dada wa marehemu, kwa sababu bei ya chumba cha wawili inagawanyika.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la matairi, na kilinuka hivyo. Jumamosi walizunguka palipo bure. Waliingia makanisani kujipasha joto. Waliingia duka kubwa la manukato, Zdena akajipulizia kila chupa ya kujaribia mpaka mlinzi akamsindikiza nje kwa heshima zote. Kisha Bohumila akampeleka kwenye makaburi makubwa ya mji.

"Tumetoka Třebíč kuja kuangalia makaburi?"

"Haya hayana kiingilio."

"Hata ya kwetu hayana. Na kule angalau nawajua waliomo."

Jumapili wakapanga foleni mapema kwenye mlango wa pembeni. Walipoingia wakapata nafasi nzuri, mbele kabisa ya wanaosimama. Pembeni yao alikuwepo mzee wa Vienna aliyeitwa Nawratil, jina la kwetu kabisa, ila lugha yetu ilishakufa kwa babu yake. Kwa Kijerumani cha pole alimwonyesha Bohumila la kufanya: unafunga skafu yako kwenye chuma cha kuegemea, na mahali ni pako. Sheria hiyo haijaandikwa popote na hakuna anayeivunja. Unaweza ukaenda kuoga ukarudi.

Bohumila akafunga skafu ya Vráťa, ya kijani, imeliwa na nondo, ina manyoya ya mbwa waliyemzika zamani. Mzee Nawratil akaitazama, kisha akasogeza ya kwake kidogo.

Wakatoka kula kwenye ngazi. Zdena alikuwa ameandaa chai ndani ya chupa, na chai ile ilikuwa nusu pombe ya kienyeji.

"Kunywa, wifi, uchangamke. Usije ukalala kama kaka."

"Mimi? Nimengoja siku hii maisha yangu yote."

"Basi kunywa na ya pili."

Ndani palikuwa na joto la kuivisha mkate. Mapazia yakafunguliwa. Zdena, aliyeapa kwamba opera ni watu wanene wanaokataa kuzungumza, akaanza kutoa maoni.

"Huyo mwoka mikate hajawahi kushika unga."

"Nyamaza."

"Nasema tu. Mtazame mikono."

Mzee Nawratil akakohoa. Zdena akampa peremende, akidhani ni kifua.

Mapumziko yakaja, wakatoka tena, nyama tena, chai tena. Ikaja sehemu ya mwisho, ile ambayo Bohumila hakuwahi kuisikia hata noti moja. Miguu ilikuwa imevimba. Akapitisha mikono yake ndani ya skafu ili ajishikilie, akaegemea, taa zikafifia, vinanda vikaanza polepole kabisa. Aliponisimulia mimi, alipofika hapa alishika kijiko akaanza kukisugua.

Alilala. Amesimama, amening'inizwa na skafu ya mumewe kama kanzu kwenye msumari. Na alikoroma, ingawa Zdena anaapa kwamba mkoromo ulifuata mdundo wa wimbo.

Makofi ndiyo yaliyomwamsha. Watu wamesimama, maua yanarushwa, na Zdena analia ndani ya kitambaa kilichofungia nyama.

"Zdena. Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Mbona hukuniamsha?"

"Nilisahau kama upo, wifi. Nisamehe. Nilikuwa natazama."

Bohumila alijaribu kufungua fundo la skafu, likamshinda. Ilibidi mzee Nawratil amsaidie.

"Haya," akasema hatimaye. "Alimchukua nani?"

Zdena alipenga kamasi. Huyu ni mwanamke ambaye tangu siku ya harusi hajawahi kukubali kwamba wifi yake yuko sahihi, hata kwenye kupima chumvi. Marehemu kaka yake kwake hakukosea kitu, hata alipoangusha ngazi kwenye dirisha la padri.

"Hakumchukua mtu," akasema. "Aliwatimua wote wawili. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

"Kweli, Zdena?"

Zdena hakumtazama. Akaingiza mkono begini, akatoa kipande cha mwisho cha nyama, ambacho safari nzima alikuwa amekilalia kama yai, akamwekea mkononi.

"Kula, tutachelewa basi."

Pembeni, mzee Nawratil alikuwa anajifunga skafu yake taratibu. Yeye aliitazama opera yote mpaka mwisho, macho makavu, na Kijerumani cha Bohumila kilitosha kwa swali moja. Nyama ilikuwa bado ina joto la begi.

Wewe ungemuuliza mzee, au ungekula?