Waya Nane za Gari la Sista Risper

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya samaki wa kukaangwa, mimi hurudi kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Niko Lwang'ni, ufuoni Kisumu, ambapo madereva waliingiza magari yao ziwani hadi magurudumu yakazama nusu, wakayaosha, na sisi tukawauzia samaki wa ngege na ugali. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo kalamu yangu ni nzito, lakini majina sijasahau hata moja. Wanawake wanane walikaa pale katika safu mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto, ukianzia karibu na maji, walikuwa Truphena, Dorsila, Nereah na Yunia. Upande wa kulia walikuwa Plista, Mikal, Rosalia na Penina. Nereah ndiye mama yangu. Kazi yangu ilikuwa kupanga samaki kwenye mkeka kwa vimo vyao, wadogo huku, wakubwa kule, maana mteja akikuta samaki wamechanganywa hufikiri kuna kitu unamficha. Nilikuwa hodari wa kupanga. Hodari kupita kiasi, kama utakavyoona.

Nyuma yetu, chini ya mabati mawili, alifanyia kazi Mzee Athumani, fundi wa magari, mtu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani akaoa huku. Msimu huo aliletewa gari ambalo watu walikuja kulitazama kama wanaokwenda harusini. Tuliliita gari-nyumba. Lilikuwa kama basi dogo, na ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki na pazia za maua. Mzungu mmoja alikuja nalo akitembea dunia, na aliporudi kwao akaliachia kanisa. Kanisa likampa Sista Risper, muuguzi wa macho, aliyezunguka nalo kando ya ziwa akitia watu dawa. Injini yake haikuwa mbele kama ya magari mengine. Ilikuwa ndani, kati ya kiti cha dereva na kiti cha pembeni, chini ya sanduku la bati ambalo juu yake Sista aliweka kikombe chake cha chai.

Sasa gari hilo lilikuwa limetoka Asembo Bay likikohoa. Kwenye mlima linashindwa, kwenye tambarare linarukaruka kama punda anayekataa mzigo. Mzee Athumani alisikiliza kidogo tu, akasema plagi, zile zinazowasha petroli kwa cheche, zimekwisha na waya zake zimekatika ndani kwa joto. Sista akanunua mpya zote, plagi nane na waya nane. Nami nilikuwa na sababu ya kuomba gari lipone kuliko hata mwenyewe. Kule Usenge, dani, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, alikuwa haoni. Wingu jeupe lilimfunika macho yote mawili kabla sijazaliwa. Uso wangu aliujua kwa vidole tu: nikifika alinipapasa kwenye paji la uso, akifika kwenye kovu la moto wa jiko aliridhika, akasema, "Ndiye." Daktari wa kupasua macho alikuwa anakuja hospitali ya Kisumu Jumatatu, siku moja tu, na haikujulikana atarudi lini. Dani alikuwa ameumia nyonga, hawezi kukaa kitako safari yote kutoka Usenge. Gari lenye kitanda tulilijua moja tu. Sista alipanga kuondoka Jumamosi alfajiri kumchukua.

Ijumaa asubuhi kazi ikaanza. Mzee alikuwa na utaratibu wake, hauvunji. Anafungua plagi moja, anaweka mpya, anang'oa waya yake na kuchomeka mpya mahali palepale, ndipo anakwenda kwa ya pili. Nafasi kati ya ncha za plagi aliipima kwa kipande cha ubapa wa msumeno wa chuma. Kikipita bila kulegea, imekaa. Alipomaliza mbili, adhana ya Ijumaa ikalia. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akavaa kofia yake. "Akelo, mama," akaniambia, "fukuza kuku wasiingie ndani. Usiguse kitu."

Nikafukuza kuku. Halafu nikatazama zile waya mpya kwenye katoni, zimejiviringa ovyo, ndefu na fupi pamoja, roho ikaniuma. Nikaona Mzee akirudi akikuta kazi imepangwa vizuri, tutamaliza haraka, na dani atakuja. Basi nikang'oa waya zote, za zamani na zile mbili mpya alizokwisha kuweka. Za zamani nikazitupa kwenye debe la takataka. Mpya nikazifuta kwa kitambaa, nikazilaza kwenye mkeka wangu, fupi na fupi, ndefu na ndefu, vichwa upande mmoja. Zilipendeza, sisemi uongo.

Mzee Athumani alirudi akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alivua kofia, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akakaa kwenye ngazi ya gari. Penina, ambaye mdomo wake haukupumzika hata siku moja, akaja kuchungulia. "Yawa! Nereah, njoo uone mwanao! Amepanga waya kama ngege. Akelo, huyu mrefu bei gani?" Wanawake wakacheka. Mama hakucheka, maana alikuwa akimtazama Mzee.

"Kila waya ina tundu lake," Mzee akasema polepole. "Moto unaruka kutoka tundu hili kwenda lile, kwa zamu. Magari ya huku zamu zake ninazo kichwani. Hili ni geni. Zamu iliandikwa hapa juu ya chuma, kutu imekula. Nilikuwa nafuata zile waya za zamani." Akaniangalia. "Ndiyo maana nang'oa moja, narudisha moja." Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nililia hadi kamasi. Mama akaniambia kwa Kiluo ninyamaze, kulia hakuchomeki waya.

Mzee akaniambia, "Mkono wako nionyeshe." Nikaunyoosha. Akaupima na tundu la nyuma kabisa, lile ambalo mkono wake mkubwa uliingia kwa kukwaruzwa. "Wewe umeitoa zamu, wewe utaitafuta." Akafungua plagi zote nane, matundu yakabaki wazi, manne kushoto, manne kulia. Akaniambia niweke kidole kwenye tundu, nizibe sawasawa. Yeye akaingia chini na spana kubwa, akaizungusha injini kwa mkono, taratibu. "Itavuta kidole, hiyo si yenyewe. Itasukuma. Ikisukuma mpaka ikanyamaza, sema." Nami nikasikia pumzi ikikusanyika chini ya kidole, ikasukuma, ikanyamaza. "Sasa!" Akatoka, akatazama kale kakono kanakozunguka ndani ya distributa, kile kikombe kinachogawia waya moto, kameelekea wapi, na waya ya tundu lile akaichomeka upande huo. "Hili tuliite namba moja." Nikasema namba zitanichanganya. "Basi lipe jina." Nikatazama nje, nikaona safu mbili zinazotazamana, nne na nne. Nikasema, "Truphena."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda mchana wote. Kila tundu nililiziba, nikalisikiliza kwa kidole, nikataja jina la mwanamke anayekaa mahali pake. Penina akauliza kwa sauti kwa nini yeye yuko nyuma kabisa kwenye masizi. Rosalia akamjibu, "Hata injini imekujua." Lakini kufikia Nereah kidole changu kilikuwa kimekufa ganzi. Mzee alikuwa anazungusha, jasho linamtoka, na mimi sikuhisi kitu. Nikaona haya kusema. Nikapaza sauti tu, "Sasa!" Yunia, aliyebaki mwisho, akachukua nafasi iliyobaki, hatukumpima.

Jua lilikuwa bado juu ya maji Sista Risper alipokuja kuwasha. Gari likawaka! Wanawake wakapiga vigelegele, lakini mimi nikasikia: lilikuwa linakohoa, kidogo kuliko mwanzo, lakini linakohoa. Sista akasema, "Si mbaya, Mzee. Litafika Usenge." Mzee akainamisha kichwa akisikiliza. Halafu akaniuliza mimi, si mtu mwingine, kwa sauti ya chini, "Kuna mahali ulisema sasa na hukuhisi?"

Ningeweza kunyamaza. Gari lilikuwa limewaka na watu wanashangilia. Lakini nilimwona dani amelala kitandani mle ndani, barabarani, gari limekufa, na Jumatatu inapita. Nikasema, "Kwa mama yangu. Nilidanganya." Mzee hakunikaripia. Alizima injini, akaipa muda ipoe, akaniletea maji ya moto nikaloweka mkono. Tukafungua tena plagi mbili, Nereah na Yunia, tukapima upya. Nilikuwa nimebadilisha nafasi za waya zao, majirani wawili. Alipozirudisha, injini ikanguruma bila kukwama, na kikombe cha Sista juu ya lile sanduku hakikutikisika. Mzee akaniambia nitaje zamu yote, nisije nikasahau. Nikataja: Truphena, Penina, Mikal, Dorsila, Rosalia, Nereah, Yunia, Plista. Akaniamuru kurudia mara tatu.

Dani alifika. Alipasuliwa Jumatatu, na siku ya kufunguliwa bandeji nilisimama mbele yake nimepakwa mafuta, nimevaa gauni la Pasaka. Akaniangalia kwa muda, uso wake hausemi kitu, kama anayeangalia mgeni. Nikaogopa. Kisha akafumba yale macho mapya, akaninyooshea mkono, akanipapasa mpaka kwenye kovu. "Ndiye," akasema. Ndipo akayafumbua, akacheka. "Kumbe una masikio ya babako, maskini!"

Mzee Athumani ametangulia, na kati ya wale wanane amebaki Plista peke yake, yuko Maseno kwa binti yake. Juzi gari la mjukuu wangu, naye tumempa jina Nereah, lilikataa kuwaka hapa nyumbani. Kijana fundi akaja, akachomeka waya moja chini ya usukani, akasoma kwenye simu. Dakika chache tu, akajua ugonjwa. Kazi nzuri, simdharau. Nereah akanifungulia boneti nione. Kulikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki, safi, hakuna waya hata moja inayoonekana. Nilitafuta mahali pa kuweka kidole, nikakosa. "Nyanya, unatafuta nini humo?" akaniuliza. Nikamwambia atulie hapo, nimtajie majina manane.