Mzee Anayelinda Tumbo la Meli

Kwenye makumbusho ya meli hapa Sydney yuko mzee mmoja Myahudi. Analinda chumba kilichojengwa kama tumbo la meli, mfano wa zile zilizowabeba Wayahudi kwa siri kwenda Palestina, Waingereza waliotawala huko enzi hizo wakiwakataza. Mzee huyo hatulii. Anagusa kamba ya mlangoni, anachungulia ndani, anageuka, anachungulia tena. Wageni wakiingia, anapitisha kidole kwenye vifungo vya koti lake akinong'ona, "Si mmoja, si wawili, si watatu." Wenzangu niliokuja nao walicheka. Mimi sikucheka. Kwetu Uvira, Kongo, mama alitugusa vichwa tu jioni, hakututajia namba, maana kuhesabu watu ni kukiita kifo.

Tulipotoka akavirudia vifungo, na kidole chake kikabaki juu ya kimoja. "Bado mtu!" Mwenzake wa zamu akamwambia, "Tulia, mzee, atatoka tu." Hakumsikia. Aliinama akaingia gizani, nami nyuma yake. Mjukuu wangu Ketsia alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha mbao, simu mkononi. "Bibi, relax! Nilikuwa najaribu tu."

"Unajaribu nini, we mtoto? Shuka!"

Mzee hakugomba. Alimshika mkono akamtoa mpaka kwenye mwanga wa dirisha, na pale hakumwachia, hata wengine walipokwisha kwenda zao. Ketsia akanitazama nimwokoe. Nikajifanya naangalia bandari.