Tope Kwenye Buti za Nahodha

Usiandike jibu kabla jaribio halijaisha. Sentensi hiyo ilikaa juu ya ubao wa maabara ya sekondari moja kwa miaka ishirini na sita, kwa rangi ya mafuta isiyofutika kwa dasta. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mrefu aliyepinda mabega kwa kuinamia meza za wanafunzi, na wanafunzi walimwita Mizani kwa sababu hakuna alichokiacha bila kukipima: maji, chumvi, visingizio. Ukiandika kwamba maji yamechemka kabla hayajachemka, ulipata sifuri hata kama jibu lako lilikuwa sahihi. Hasa kama lilikuwa sahihi.

"Hukupima, umekisia," alikuwa akisema. "Anayekisia maabara leo, kesho atakisia hospitali."

Alipostaafu aliihamishia sheria yake gazetini. Kwa miaka tisa aliandika safu ya kila Jumamosi ya kuhakiki vipindi vya televisheni, na hakuandika neno juu ya kipindi ambacho hakukitazama mpaka majina ya mwisho yapite, yale madogo madogo ya waliobeba taa na waliopika chai. Watu walimwogopa, wakamwamini. Akisema kipindi kibovu, ujue ni kibovu.

Ndiyo maana mhariri wake alimpigia simu mapema wiki ile.

"Mwalimu, kesho saa moja jioni wanaonyesha ule mchezo wa anga. Wa kwanza kutengenezwa hapa kwetu. Kituo kimekubali sehemu moja tu ya kujaribia. Wakubwa wanakaa Jumamosi asubuhi kuamua kama waendelee, na nasikia wanasubiri safu yako."

"Safu yangu si mahakama."

"Wewe unasema. Wao wanaisoma kama hukumu. Nipate makala Jumatano saa sita mchana."

Jioni hiyohiyo ukaingia ujumbe kwenye simu yake kutoka namba asiyoijua: *Mwalimu, tafadhali kesho tazama mpaka mwisho. Kuna kitu chako.* Mizani akakunja uso. Kitu chake? Tangu lini mhakiki akawa na kitu chake ndani ya kipindi? Alinusa harufu ya kubembelezwa, na kwake kubembelezwa na kuhongwa vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Hakujibu. Akaenda kulala amekasirika, na kesho yake akakaa mbele ya televisheni akiwa na hasira ya jana, kama mtu aliyevaa shati lisilofuliwa.

Alitazama na dada yake. Dada huyo alimzidi miaka minne, naye alikuwa mpokea simu mstaafu, mtu aliyetumia maisha yake kusikiliza watu mpaka wamalize kusema.

Mchezo ukaanza. Dunia imeungua, wakaambiwa, na abiria arobaini wamo ndani ya chombo mwaka wa kumi na moja, wanaelekea sayari nyingine. Dakika ya nne, mpishi wa chombo, mama mnene mwenye macho ya kupekua, akaponyokwa na mwiko. Ukadondoka sakafuni, ukalia.

"Umedondoka!" Mizani akaruka. "Dada, umeona? Umedondoka!"

"Mwiko ukiuachia si unadondoka?"

"Huku, ndiyo. Siyo huko! Huko ungeelea!"

"Sawa. Tutazame."

Dakika ya kumi na mbili nzi akatua kwenye sahani ya nahodha. Mizani akachomoa kalamu. Dakika ya ishirini na moja jua likachomoza dirishani, saa kumi na mbili kamili kwenye saa ya ukutani, na siku iliyofuata likachomoza tena, palepale, saa ileile.

"Labda kuna sababu," dada akasema. "Yule mpishi naye analiangalia sana lile dirisha."

"Sababu ni uvivu. Mwandishi hajui anachoandika, na hakuna aliyemsahihisha. Halafu wanataka tupige makofi kwa kuwa ni watu wa kwetu!"

Dakika ya thelathini na nane mlango mkubwa wa chombo ukafunguka, nahodha akaingia kutoka nje akiwa peke yake. Kamera ikashuka mpaka miguuni. Buti zake zilikuwa na tope. Tope bichi, limeshikana na jani la nyasi.

Mizani akasimama. Mshipa wa paji la uso ulikuwa umemsimama pia. "Tope!" akasema, mara ya kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti iliyotikisa vikombe. "Tope, angani!" Akaenda ukutani, akazima swichi.

"Washa," dada akasema.

"Siwashi."

"Na ile sheria yako?"

"Yai likioza huhitaji kulimaliza ndipo ujue."

"Yai halina mwisho, mdogo wangu. Hadithi ina mwisho."

"Hiyo imekwisha. Nimeimaliza mimi."

 Dada akachukua mtandio wake akaenda kwa jirani, fundi cherehani, ambaye televisheni yake ilisikika ukutani. Mizani akaketi mezani kuandika. Muziki ulipovuma upande wa pili wa ukuta, akawasha feni ili asiusikie.

Hasira peke yake si dhambi. Uzembe unastahili hasira, na mwalimu asiyekasirikia uzembe amekula mshahara wa bure. Kosa la Mizani ni kwamba aliiachia hasira kalamu, yeye akakaa pembeni. Akaandika:

*Tuliahidiwa anga za mbali, tumepewa nyumba ya kupanga yenye taa nyingi. Ndani ya chombo hiki mwiko unadondoka kwa utiifu, kama uko jikoni kwa mama yangu. Nzi, ambaye bila shaka alikata tiketi, anamtembelea nahodha mezani. Jua linachomoza kila siku saa kumi na mbili kamili kana kwamba linasaini daftari la mahudhurio. Kisha nahodha anaingia kutoka nje, nje kusiko na hewa, maji wala udongo, na buti zake zina tope. Tope la wapi? Alikuwa analima? Mwandishi wa mchezo huu hakupata mwalimu wa fizikia. Na kama alimpata, mwalimu huyo ajitokeze hadharani aombe radhi.*

Sentensi ya mwisho aliisoma mara mbili, akacheka peke yake.

Dada aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa. "Mdogo wangu, lile tope..."

Mizani akainua mkono kama askari wa barabarani. "Usiniambie. Mhakiki haambiwi."

Asubuhi, kwenye chai, dada akajaribu tena. "Nisikilize dakika moja tu. Lile tope ndilo..."

"Dada! Nimesema."

Saa sita kasoro robo, kidole cha Mizani kikiwa juu ya kitufe cha kutuma, dada akasimama mlangoni, akajaribu mara ya tatu. "Unatuma bila kujua?"

"Ninachojua kinatosha."

"Haya. Mimi nimenyamaza. Majuto ni mjukuu, na wewe hata mtoto huna."

Akatuma.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, mashine ikimpita upande wa kushoto wa kichwa. Kinyozi alikuwa amelibandika gazeti kwenye kioo, anasoma huku ananyoa.

"'Nzi, ambaye bila shaka alikata tiketi!' Mwalimu, utatuua!"

Kwenye benchi walikaa wateja watatu. Wawili wakacheka. Wa tatu, dereva wa lori mwenye kifua kipana, hakucheka. "Samahani, mwalimu," akasema. "Wewe uliishia wapi?"

"Niliishia uongo ulipozidi."

"Wapi hapo?"

"Kwenye tope."

Dereva akapiga goti lake kwa kiganja. "Lakini tope ndilo lenyewe! Wale watu hawajaenda popote!"

"Hawajaenda popote vipi?"

"Hawajaondoka! Chombo kimekaa chini miaka kumi na moja. Dunia haijaungua wala nini. Nahodha anawadanganya ili awatawale. Sasa yule mama mpishi ndiye anayeshtuka. Anaanza na mwiko. Kwa nini unaanguka? Nzi katoka wapi? Jua hili mbona ni lilelile? Halafu anaona tope kwenye buti. Analikwangua kwa kisu, analinusa. Anakwenda mlangoni, wenzake wanapiga kelele atawaua, yeye anafungua. Nje mvua imetoka kunyesha. Shamba la mahindi, mwalimu. Mimi huyu, mtu mzima, nililia."

Mashine ya kunyolea ilikuwa imenyamaza.

"Kumbe uliviona vyote," kinyozi akasema taratibu, akiangalia gazeti. "Mwiko, nzi, jua, tope. Hapa umeandika kimoja kimoja. Alivyoviona mpishi na wewe uliviona."

"Tofauti ni kwamba mpishi aliuliza," dereva akasema.

Mwingine kwenye benchi akadakia, "Basi mwalimu wetu ndiye nahodha! Anatufungia mlango!" Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko.

Mizani akavua shuka, akatoka. Alitembea mtaa mzima kichwa kimenyolewa upande mmoja, na aliokutana nao wakamwamkia bila kujua waangalie wapi.

"Kwa nini hukuniambia?" akamfokea dada yake kabla hajavuka kizingiti.

"Mara tatu."

"Ungenilazimisha!"

"Wewe? Mama yetu alishindwa, nitaweza mimi? Ulitaka nikufunge kwenye kiti?" Akamtazama kichwa. "Na kwa kinyozi nako umeondoka hujamaliza."

Jumapili saa kumi alasiri mchezo ulirudiwa. Mizani aliutazama akiwa amesimama, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, tangu mwanzo. Kila kilichomchukiza kilipita tena, na safari hii aliona jinsi kamera ilivyokawia juu ya kila kimoja, ikimpa mtazamaji nafasi ya kuuliza. Mwiko ulidondoka. Mpishi aliutazama kwa muda, akauokota, akaudondosha tena makusudi. Hilo la pili Mizani hakuliona mara ya kwanza, alikuwa anapiga kelele.

Mlango ukafunguka, mahindi yakaonekana. Majina yakaanza kupita. La mwandishi alilijua, ingawa darasani hakuna aliyelitumia. Walimwita Kwanini, msichana wa benchi la pili ambaye siku moja, darasa zima lilipoandika maji yamechemka kwa nyuzi mia, yeye aliandika tisini na sita, kwa kuwa ndizo alizozisoma. Kipimajoto chake kilikuwa kibovu. Lakini yeye peke yake ndiye aliyetazama kipimajoto. Mizani alimpa alama zote, akamsimamisha mbele ya wenzake.

Mwisho kabisa, chini ya waliobeba taa na waliopika chai, yakatokea maandishi: *Kwa mwalimu wetu, aliyeandika ubaoni: usiandike jibu kabla jaribio halijaisha.*

Jumatatu asubuhi akaipigia ile namba iliyomtumia ujumbe.

"Shikamoo, mwalimu," sauti ikasema. Kwanini alikuwa ameihifadhi namba ya mwalimu wake.

"Marahaba. Nimeona mwisho."

"Lini?"

"Jana."

"Safu ilitoka juzi."

"Ndiyo."

Nyuma yake kulisikika utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa, ukivutwa na kukatwa.

"Mnafanya nini huko?"

"Tunafungasha nguo za mchezo. Wakubwa walikaa Jumamosi. Hata hawakuutazama mchezo, mwalimu. Walikuwa na gazeti lako mezani. Mmoja akasoma ile ya nzi, wakacheka, wakafunga faili."

"Nitasahihisha. Jumamosi hii nitaandika kila kitu."

"Andika." Utepe ukavutwa tena. "Unajua, yale makosa niliyaweka nikikufikiria wewe. Wenzangu walisema watu wataona ni uzembe, watazima. Nikawaambia, hata wakizima wote, kuna mzee mmoja hatazima."

Mizani alishika simu kwa mikono miwili. "Mimi ningemfanyaje mwanafunzi wangu aliyefanya hivi?" akauliza.

"Ungempa sifuri," Kwanini akasema. Hakupaza sauti. "Hasa kwa kuwa uliona vizuri. Kwaheri, mwalimu."

Mchana Mizani akampelekea mhariri mistari tisa. Mhariri akapiga simu papo hapo.

"Mwalimu, hii unajichoma mwenyewe. Tuseme umeme ulikatika. Nani atajua?"

"Umeme haukukatika!" Hasira ilirudi, na safari hii ilikuwa imepata mahali pake. "Nilizima mimi, kwa mkono huu! Unataka niongeze uongo juu ya uzembe? Chapa kama ilivyo."

"Tukichapa hivi, safu imekufa. Nani ataiamini?"

"Asiwepo wa kuiamini. Haistahili."

Ilichapwa kama ilivyo. Ilisema kwamba mwandishi wa mchezo alipata mwalimu wa fizikia, kwamba mwalimu huyo amejitokeza kama alivyotakiwa, na kwamba anaomba radhi. Haikurudisha kitu. Faili lililofungwa halikufunguliwa, kwa kuwa waliolifunga hawakuwa wamesoma safu ya kwanza kwa ajili ya kujua ukweli, wala hawakuihitaji ya pili.

Dakika ishirini na mbili ambazo Mizani alikataa kuzitazama ziligharimu mchezo uliokuwa na sehemu kumi zimekwisha kuandikwa, kazi za watu ishirini na wanne, na safu ya miaka tisa. Zilimgharimu pia mwanafunzi aliyemwelewa kuliko wote. Namba yake bado imo kwenye simu ya Mizani. Akiipiga inaita mpaka inakata yenyewe, naye huisikiliza mpaka mwisho.